Mke Wangu na Nyaya za Ghorofa ya Tatu

Kwetu mtu akibisha hodi na kuuliza, "Fundi yupo?" lazima aulizwe kwanza, "Yupi?" Mimi nashona nguo. Mke wangu anafunga umeme. Tumeishi hivyo miaka ishirini na tisa, na kama unadhani mtu anayeshinda na sindano anatulia huku mwenzake anashinda juu ya ngazi, basi wewe hujaoa fundi umeme.

Nataka nimweleze mwenyewe alivyo, kwa sababu wengi wanamjua kwa kazi tu, na wanaomjua kwa kazi wanamwogopa. Huko kwenye majengo wanamwita Mama Rula. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa anajifunza, kwa kuwa hakukubali kupigilia bomba la nyaya ukutani mpaka alipime kwa rula juu, chini, kulia na kushoto. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, na jina likabaki. Waya ukipinda hata upana wa ukucha, anaung'oa anaanza upya. Tumewahi kwenda harusini, watu wote wanamtazama bibi harusi anavyoingia, yeye ananivuta shati: "Tazama ile swichi ilivyokaa upande. Aliyeifunga alikuwa amelewa." Nilimwambia aangalie mbele. Aliangalia mbele, lakini najua moyo wake ulibaki kwenye swichi.

Kwa umbo ni mdogo, ukimkuta sokoni utadhani ni mwalimu wa watoto wadogo. Sauti yake ndiyo inayomtangulia. Anaongea na watu waliosimama chini kama vile wote wako ghorofa nyingine, hata mezani tukila. Lakini kucheka kwake ni kwa chinichini, bila sauti, mabega tu yanatikisika, na mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuyatafuta hayo mabega.

Miaka tisa iliyopita alikuwa anafunga umeme kwenye ghala moja. Mtu mmoja alizima swichi kuu ili yeye afanye kazi, mtu mwingine akaja akaiwasha bila kuuliza, umeme ukamtupa chini kutoka ngazini. Mimi nilikuwa dukani napima suruali ya mteja. Mwashi mmoja aliingia mbio, hana pumzi, ameshika kiatu kimoja cha mke wangu. Alininyooshea kile kiatu tu. Sijui nilifikaje hospitali, na yule mteja sikumwona tena mpaka leo, aliondoka na futi yangu ya kupimia shingoni.

Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, swali lake la kwanza alipofika nyumbani lilikuwa kama vijana aliowaacha ghalani walimalizia lile bomba kwa kunyooka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havina hisia tangu siku hiyo. Na tangu siku hiyo akikaribia waya wowote anautia huo mkono wa kushoto mfukoni, anafanya kazi kwa mkono mmoja. Ni desturi ya mafundi wa zamani, aliniambia: umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, umepita moyoni. Ukimwona hata nyumbani anabadilisha balbu, mkono mmoja uko mfukoni.

Basi miaka tisa nimekuwa nikimwomba aache, nikisaidiwa na binti yetu, ambaye ameolewa lakini anapiga simu kila Jumapili kumwambia, "Mama, pumzika sasa." Jibu lake ni lilelile: "Nitapumzika nikichoka." Hachoki. Nimeshaangalia.

Mwaka huu alipata kazi kwenye jengo jipya la kliniki, ghorofa tatu. Siku ya kwanza alirudi amenuna, akatupa mkoba wa vifaa pembeni ya cherehani yangu.

"Unajua wanataka nifunge nini?"

"Umeme," nikasema, maana sikuona kingine.

"Nyaya za kompyuta."

"Wewe na kompyuta wapi na wapi?"

"Siyo kompyuta, baba! Taa. Taa zinazokula umeme kutoka kwenye nyaya za kompyuta. Hakuna mabomba, hakuna waya mnene, hakuna chochote. Umeme wa midoli." Akaenda kuoga akiwa bado anasema.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Kila ghorofa ina kabati moja la chuma. Umeme wa kawaida, ule mkali, unaishia ndani ya hilo kabati, hauendi mbele zaidi. Humo kuna mtambo unaougeuza kuwa umeme mdogo, wa volti kama hamsini, unaokwenda upande mmoja kama wa betri. Kisha mtambo unaugawa kwenye nyaya nyembamba, waya mmoja kwa kila taa, na ndani ya waya huohuo zinapita pia amri: waka, zima, punguza mwanga. Mhandisi anakaa na kompyuta yake chini, anaziona taa zote, kila moja na namba yake, kama mwalimu na daftari la mahudhurio.

Kwa mdomo alidharau, lakini kazi aliifanya kama kawaida yake. Vijana wawili walipewa ghorofa ya kwanza na ya pili. Yeye alichukua ya tatu. Alipomaliza alinipeleka kuona, jambo ambalo hulifanya tu akiwa ameridhika sana na nafsi yake. Dari la ukumbi mrefu lilikuwa bado halijafunikwa. Nyaya tisini na sita zilitoka kwenye kabati zikalala kwa pamoja juu ya trei ndefu ya chuma iliyoning'inizwa chini ya paa, fungu moja nene kama paja la mtu mzima, na hakuna waya hata mmoja uliomkanyaga mwenzake. Kila baada ya shubiri moja alilibana kwa ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya, ule unaovutwa ukalia na haurudi nyuma. Vichwa vya mikanda vyote vilitazama upande mmoja. Mikia yote ilikatwa sawasawa. Nimeshona suti za maharusi na kanzu za mahafali, na sijawahi kutengeneza kitu kilichonyooka hivyo.

"Umefunga au umechonga?" nikamwuliza.

Mabega yakatikisika.

Tulipopita ghorofa ya pili tukishuka, alifumba macho kabisa, akanishika mkono nimwongoze kama kipofu. Nikaangalia juu mwenyewe. Wale vijana walikuwa wamezirusha nyaya kwenye trei kama uzi uliochezewa na paka, nyingine zimefungwa na vipande vya kamba, nyingine hazijafungwa kabisa.

Sharti la makabidhiano lilikuwa kwamba taa zote ziwake siku saba mfululizo, mchana na usiku, bila hata moja kuzima yenyewe. Ghorofa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, siku ya kwanza, ilipofika saa nane mchana, taa za ukumbi zilianza kuzima moja moja, zinakaa kidogo, zinawaka tena, inazima nyingine. Jioni zikatulia zote kama hakuna kilichotokea. Siku ya pili, saa nane, hivyohivyo. Mkandarasi, mzee mmoja mnene asiyepoteza maneno, alimwita pembeni akamwambia kwamba majaribio yataanza upya Jumatatu, mara moja tu. Ghorofa ya tatu ikizima tena, jengo lake la pili atalitafutia fundi mwingine. "Nawe mama utapumzika," akasema, na nadhani alikusudia wema.

Mke wangu mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Alikuja nyumbani, akakaa, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Zikizima tena, naweka koleo chini. Sitafunga tena umeme popote. Nimemaliza."

Sasa nikiri, maana nisipokiri hapa sitakiri tena. Niliposikia hivyo moyo wangu ulifurahi. Nilisikitika kwa uso, nikampa pole, nikamtengenezea chai, lakini ndani yangu nilikuwa nasema, zizime. Zizime zote. Miaka tisa nilimwomba kwa maneno mazuri hakunisikia, sasa taa zimenisaidia kusema. Nilishaona kabisa tutakavyokaa dukani wawili, mimi nikishona, yeye akinitilia vifungo, tukizeeka bila ngazi.

Mhandisi alikuwa ameomba siku mbili za kubadilisha mitambo ya kwenye kabati, akiamini tatizo liko huko, kwa hiyo mke wangu alikuwa nyumbani siku mbili hizo. Nikamkaribisha dukani kwa furaha. Siku ya kwanza alipanga rili zangu zote za uzi, kwanza kwa rangi, halafu akazipangua akazipanga kwa unene. Alisawazisha meza. Alipima mlango akaniambia umepinda. Mteja mmoja alikuja kujaribu gauni, mke wangu akalizunguka mara mbili, akamwambia yule mama kwamba bega lake moja liko chini kuliko jingine, tena siyo gauni, ni bega. Mteja alilia.

Siku ya pili hakupanga chochote. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akitazama ukuta. Nilimpa shati atie vifungo. Alitia kimoja, akaliweka. Nilipomwuliza anawaza nini alisema, "Hakuna." Nilimtazama kwa muda nikiwa nimeuacha mguu juu ya kanyagio la cherehani bila kukanyaga. Mke wangu hakuwa anapumzika. Alikuwa anaisha. Hapo nikaona haya kwa yale niliyoyaombea, haya ya kweli, ya kupata joto masikioni.

"Kesho ukienda kwenye jengo, nakuja," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Kukushikia ngazi."

Hakukataa, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kukubali kushikiwa ngazi. Ndipo nilipojua mambo yameharibika kweli.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mhandisi tulimkuta ghorofa ya tatu, amekaa chini karibu na kabati na kompyuta yake mapajani. Ni binti wa kama miaka ishirini na sita, mpole, mwenye adabu. Alisimama. "Shikamoo mama. Shikamoo baba." Alishabadilisha mitambo yote na alikuwa ameziwasha taa tangu asubuhi. Tukasubiri. Saa nane ilipita kidogo, taa ya tatu kutoka mwisho ikazima. Kisha ya saba.

"Basi ni paa," akasema mhandisi. "Bati linapata jua moja kwa moja, joto linashuka darini. Mama, hili siyo kosa lako. Nitaandika kwamba ni paa."

Mke wangu alishaivuta ngazi. Alipanda ngazi, mimi nikiishika kwa mikono miwili. Alitia mkono wa kushoto mfukoni. Kwa wa kulia aligusa bati, akagusa trei, akagusa juu ya lile fungu lake. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Alikata mkanda mmoja wa plastiki, mmoja tu, akapenyeza vidole katikati ya nyaya, ndani kabisa.

Akavitoa haraka.

Akakaa juu ya ngazi, akivitazama vidole vyake.

"Bati ni la moto," akasema mwishowe, "lakini humu ndani ni moto zaidi. Moto hautoki juu. Unatoka katikati." Akashuka polepole, ngazi moja baada ya nyingine. Alipofika chini alisema, "Ni mimi."

Mhandisi alitueleza, na naomba nimsifu, alieleza bila kumwaibisha. Kila waya ukibeba umeme unapata joto kidogo. Waya mmoja ukiwa peke yake hewa inalichukua hilo joto. Ukizibana tisini na sita pamoja bila nafasi hata ya pumzi, zile za katikati hazina pa kulitupa, na juani zikiongezewa joto la paa zinazidiwa. Amri zinaanza kupotea njiani, taa inakosa maelezo, inazima na kujiwasha upya. Na ile mikanda ya plastiki ikikazwa sana inaziminya nyaya zenyewe mpaka zinaumia. Ghorofa za chini zilikuwa salama kwa sababu wale vijana walifunga ovyo.

"Maelezo yalikuwemo kwenye ile karatasi, mama," alisema taratibu. "Mafungu madogo, tena yalegee."

"Niliisoma," alisema mke wangu. "Nilidhani imeandikwa kwa ajili ya wavivu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nani mwingine angefanya kosa kama hilo? Mtu mzembe asingeweza. Ilibidi uwe na miaka thelathini ya kunyoosha nyaya, na usifiwe kwa kunyoosha, ndipo uweze kuziunguza kwa unadhifu.

Ilibidi fungu lote lifumuliwe na kugawanywa mafungu manane ya nyaya kumi na mbili, yalale mbalimbali, yafungwe kwa kitu laini. Hicho kitu laini mkandarasi hakuwa nacho. Mikanda ya kitambaa ilikuwa imeagizwa na ingefika baada ya wiki mbili. Majaribio yalikuwa Jumatatu asubuhi.

"Kitu laini namna gani?" nikauliza.

Mhandisi akatoa kipande kidogo mkobani kwake akanionyesha. Nikakivuta kikalia kraa. Kumbe ni velkro! Ile ninayoishona kwenye mikoba ya watoto wa shule, upande mmoja manyoya, upande mwingine vikulabu. Ninayo rili tano dukani. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu mimi kuwa na kifaa ambacho Mama Rula hana, na sikuacha nafasi hiyo inipite.

"Ngoja fundi akaangalie stoo," nikasema, nikimkazia neno fundi.

Nilishona alasiri yote. Manyoya na vikulabu unavishona mgongo kwa mgongo, ili mkanda ukizungushwa ujishike wenyewe. Nilikata kila mmoja shubiri moja, nikashona mia moja na sitini. Yeye alikaa pembeni akihesabu na kupanga. Hakusema kwamba wowote umepinda, ingawa michache ilipinda.

Jumapili asubuhi tulirudi sisi wawili na mhandisi. Mke wangu alipanda na koleo la kukatia. Alisimama mbele ya fungu lake, akalitazama, kisha akaanza kukata. Tak. Tak. Vile vipande vya plastiki vilianguka sakafuni miguuni kwangu, kimoja baada ya kingine, kazi ya siku kumi na moja. Nilitamani kumwambia jambo la kumfariji, lakini maneno yote niliyoyafikiria yalikuwa ya kijinga. Alikata mpaka mwisho wa ukumbi bila kusimama. Machozi yalimtoka, na alikuwa anayafuta kwa bega ili asiache kukata.

Kisha fungu likaanza kufunguka. Nyaya zilisambaa kwenye trei, nyingine zikaning'inia. Mkono mmoja haukutosha.

"Panda ngazi ile nyingine," akaniambia. "Uzishike hizi."

"Zina umeme?"

"Zina."

"Basi sishiki."

"Baba," mhandisi akasema kutoka chini, "huo hauui. Volti hamsini hivi, tena umo ndani ya ganda. Hata ukiugusa wenyewe, utakaotetemeka zaidi ni moyo wako."

Nilipanda. Miaka ishirini na tisa sijagusa hata soketi bila kumwita mke wangu. Nilifumba macho nikanyoosha mikono, nikazishika nyaya kumi na mbili zenye umeme kwa viganja vitupu, na nikasubiri kufa. Sikufa. Zilikuwa na uvuguvugu kidogo tu. Nilipofumbua macho nikamwona amenielekea kutoka ngazi yake, na amezishika nyaya upande wake kwa mikono yote miwili. Wa kushoto haukuwa mfukoni. Sidhani kama alijua. Sikumwambia, nilitazama tu ile mikono miwili ikifanya kazi pamoja.

Alizungusha mkanda wa kwanza akauvuta. Akasita.

"Nikaze mpaka wapi?"

Mke wangu ananiuliza mimi habari za nyaya! Ningeweza kufa hapo kwa furaha na siyo kwa umeme.

"Kola ya shati," nikasema, "unaifunga mpaka kidole kimoja kipite kati yake na shingo. Kikipita kwa shida, mteja atarudisha shati. Visipite viwili, maana shati litakuwa siyo lake."

Akapenyeza kidole. Kikapita. Akamtazama mhandisi, mhandisi akaitikia kwa kichwa. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa ukumbi, mafungu manane, mikanda mia moja na sitini, na kila mkanda alipenyeza kidole. Tulipomaliza haikuwa nzuri kama ya kwanza. Nyaya zililegea, zilipinda zilipotaka. Alisimama chini akaitazama kazi hiyo kichwa kikiwa upande.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana," nikakubali.

Juma lile nilifunga duka kila siku saa saba na nusu, nikaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya ukumbi wa ghorofa ya tatu. Yeye alikaa juu ya mfuko wa saruji. Nilikuwa nimetaka taa zizime, sasa nilikuwa nazitazama moja moja kana kwamba ni mimi ninayeziwasha kwa macho. Jumatatu hazikuzima. Jumatano jua lilikuwa kali hasa, bati likawa linalia lenyewe kwa joto, na hazikuzima. Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mhandisi alitugeuzia kompyuta tuone: taa tisini na sita, siku saba, hakuna hata moja iliyokosa.

Nilidhani yameisha. Lakini kulikuwa na ripoti. Mhandisi aliiandaa, na kwa upendo wake, kwenye sababu ya hitilafu ya mwanzo aliandika: joto la paa. Alimwomba mke wangu atie sahihi.

"Futa hapo," mke wangu akasema.

"Mama, mkandarasi atasoma hii kabla ya kuamua jengo la pili. Na paa lilichangia, siyo uongo."

"Lilichangia. Andika na lenyewe. Lakini juu yake andika kwamba nyaya zilifungwa fungu moja, zikabanwa mno, na aliyebana ni mimi. Fundi mwingine akisoma paa, atabadilisha paa. Kisha atabana tena."

Mimi nilimkanyaga mguu. Kwa kweli nilimkanyaga. Alinitazama tu akauondoa mguu wake. Mhandisi akafuta, akaandika upya, mke wangu akatia sahihi kwa mwandiko wake ulionyooka.

Mkandarasi aliisoma amesimama, mbele yetu, miwani imeshuka puani. Aliisoma mara mbili. Nilimwona mke wangu amenyoosha mgongo kama mtu anayesubiri hukumu, na mikono ameifunga mbele, na nilijua kwamba akiambiwa apumzike atasema asante, ataenda nyumbani, na hatakuwa mtu yule tena. Niliwaza nitakayomwambia njiani.

"Jengo la pili lina ghorofa tano," mkandarasi akasema, akikunja karatasi. "Wale vijana walifunga ovyo kwa bahati. Mimi nataka watu watakaofunga ovyo kwa mpango. Nani atawafundisha?"

Mke wangu aligeuka akamtazama mhandisi.

"Nakuuliza wewe, mama."

"Mimi," akasema, kwa ile sauti yake ya ghorofa nyingine, mpaka mhandisi akaruka.

Ameanza huko mwezi uliopita. Anaondoka asubuhi na mkoba wake, anarudi jioni akiwalalamikia vijana, ambao wote sasa anawalazimisha kupenyeza kidole kwenye kila mkanda mbele yake. Ngazi bado ni ngazi, nami bado simwamini mtu yeyote anayeishika isipokuwa mimi.

Jumanne iliyopita nilikuwa napinda sketi, simu ikaita. Namba ngeni. Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: tangu mke wangu aanguke, namba ngeni ikiita saa za kazi mimi hukauka mate. Naacha mkasi, naacha mteja, naishika simu kwa mikono miwili kabla haijaita mara ya pili, tayari nimeshamzika. Miaka tisa nimemzika mara nyingi sana, kwa watu waliokosea namba, kwa wauza vitambaa, kwa watu wa benki.

Siku hiyo simu iliita, nami nikamalizia pindo. Nilifika mwisho wa sketi, nikakata uzi, ndipo nikapokea.

Alikuwa yeye, simu yake imeisha chaji, ameazima ya kijana mmoja. "Uko wapi wewe?" akafoka. "Mbona unachelewa kupokea? Siku zote unapokea kabla haijaita!"

"Nilikuwa namalizia pindo," nikasema.

Akanyamaza. Kwa nyuma nilisikia vijana wake wakivutana na nyaya na mtu akigonga chuma. Basi kumbe alikuwa anajua kwa nini napokea haraka, miaka yote tisa alikuwa anajua.

"Ulimaliza?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimaliza."

"Haya," akasema. "Shona, baba. Nitarudi jioni."